Noti za Guido na Nyimbo za Kwetu

Kunako mwaka 1025 mtawa Guido wa Arezzo alifundisha kuandika nyimbo juu ya mistari, ili waimbaji wajifunze hata wimbo ambao hawajapata kuusikia. Kazi yake ni kubwa. Lakini je, mistari ile inashika sauti zote?

Tutazame Missa Luba. Guido mwingine, Padri Guido Haazen, Mfransisko, aliitengeneza pamoja na waimbaji wake kule Kamina; iliimbwa mwaka 1958. Maneno ni ya Kilatini, ginsi ya kuimba ni ya kwetu. Haikuandikwa kwanza: mwimbishaji aliongoza, wengine wakaitikia. Nyuma, walipoiandika kwa noti, walifuata sahani ya santuri. Basi pambo la sauti alilolitoa siku moja likawa sheria kwa kwaya za nchi nyingi.

Siku hizi programu za kompyuta, kama LilyPond iliyoanza mwaka 1996, zinachora hata alama za pumzi ya filimbi na za sauti inayoteleza. Hapa Lubumbashi tuzitumie, maana mzee akifa, nyimbo zisizoandikwa zinakufa naye. Lakini tusisahau kuandika pia: hapa mwimbishaji ana ruhusa.