Sauti ya Mnada na Mnong'ono wa Dalali

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki wamo watu wawili ambao kazi zao hufanana sana kwa umbo, lakini hupokewa kwa nyuso tofauti kabisa. Mshenga, yaani mtu anayetumwa na familia ya mposaji kupeleka posa na kurudisha jibu, hukaribishwa kwa heshima, hutandikiwa mkeka na kusikilizwa hata anapoleta habari isiyopendeza. Dalali, yaani mtu anayeuza au kutafuta mali ya mwingine kwa ujira, hutiliwa shaka kabla hajafungua kinywa, ingawa kazi yake nayo ni kusimama baina ya watu wasiojuana na kuwafikisha kwenye neno moja. Kwamba mmoja hulipwa na mwingine huenzi undugu hakutoshi kueleza tofauti hiyo, kwa kuwa mafundi, waganga na makuli nao hulipwa bila kuchukiwa. Linaloeleza zaidi ni kwamba mshenga hujulikana na kila mtu ametumwa na nani, ilhali dalali humwambia mwenye mali kuwa yuko upande wake, kisha akamwambia mnunuzi maneno hayohayo. Historia ya udalali katika eneo hili ni, kwa sehemu kubwa, historia ya bei iliyokuwa ikitangazwa kwa sauti ikageuka kuwa ya kunong'onezwa, na chuki dhidi ya kazi hiyo imeongezeka kadiri sauti ilivyopungua.

Lugha yenyewe imehifadhi kumbukumbu ya hali ya awali. Neno dalali limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kuonyesha au kuongoza, mzizi uleule uliozaa neno dalili, hivyo kwa asili yake dalali ni mwonyeshaji. Mnada nao, yaani uuzaji wa kushindania bei mbele ya watu, unatokana na mzizi wa kuita kwa sauti, na kitenzi kunadi bado kina maana ya kutangaza kitu ili kipate mtaka (wanasiasa wa leo, wanaponadi sera na kujinadi majukwaani, wameazima neno la sokoni bila kuona haya). Dalali wa kale alitembea na mali mkononi au begani, akairudiarudia kwa sauti bei ya mwisho iliyotajwa, na aliyetaka kuongeza aliongeza mbele ya macho ya wote. Muuzaji alisikia, mnunuzi alisikia, na mpita njia asiye na senti mfukoni alisikia pia, jambo lililomfanya awe shahidi wa bure.

Mfano ulio hai zaidi wa utaratibu huo ni mnada wa samaki, ambao ungali ukiendeshwa Feri jijini Dar es Salaam, Unguja na katika madiko mengi, yaani sehemu za ufukwe ambako vyombo vya uvuvi hushusha samaki. Samaki ni mali isiyosubiri, na mvuvi aliyekesha baharini hana nguvu wala muda wa kuzunguka akitafuta mnunuzi mwenye fedha taslimu. Dalali hujua nani hununua kwa ajili ya hoteli, nani kwa ajili ya kukaanga, nani huahidi malipo ya jioni na kutoonekana tena. Anachouza dalali, kwa hiyo, si samaki bali ni ujuzi wa watu, na hapo ndipo penye mzizi wa taabu yake yote, kwa sababu ujuzi hauonekani, haupimwi kwa pishi wala kwa mizani, na aliyekwisha kuupata huona kuwa haukustahili kulipiwa.

Wanazuoni wa Kiislamu walilijadili suala hilo karne nyingi kabla ya sheria za kikoloni. Miongoni mwa mafundisho ya Mtume yaliyopokewa ni katazo la mkazi wa mjini kumuuzia mali mtu aliyetoka shamba, na Ibn Abbas alipoulizwa maana yake alieleza kuwa mwenyeji asiwe dalali wa mgeni huyo. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, hayakulichukua katazo hilo kuwa marufuku ya udalali wote. Wanazuoni wake walilifasiri kuwa linamhusu mwenyeji anayemfuata mgeni aliyeleta bidhaa inayohitajiwa na watu wote ili aiuze kwa bei ya siku hiyo, akamshawishi amwachie ili aiuze kidogokidogo kwa bei ya juu. Lilikatazwa pia tendo la kupandisha bei mnadani bila nia ya kununua, kwa lengo la kumghilibu mnunuzi wa kweli. Kilicholengwa katika makatazo yote mawili ni hila ya kuficha bei halisi, na ni vigumu kupata maelezo mafupi zaidi ya malalamiko ambayo wakazi wa mijini wanayatoa hadi leo.

Hata hivyo haifai kuusifu mnada wa wazi kupita kiasi, kwa sababu soko lililokuwa wazi kuliko yote Unguja ndilo lililokuwa ovu kuliko yote. Nahodha Smee, aliyefika kisiwani mwaka 1811 kwa niaba ya Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki, alieleza jinsi watumwa walivyopakwa mafuta ya nazi, wakapangwa kwa safu kuanzia mdogo, na kutembezwa alasiri huku mwenye mali akitangulia na kutangaza bei. Biashara hiyo iliendelea hadi tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kuipiga marufuku kwa njia ya bahari na kufunga masoko yake, na katika uwanja wa soko la Mkunazini wamishonari wa Kianglikana wakajenga kanisa kuu ambalo lingalipo. Uwazi wa bei ulimlinda mnunuzi na muuzaji. Aliyeuzwa haukumlinda kwa lolote. Doa hilo liliingia katika kazi ya kunadi na halikutoka upesi.

Juu ya madalali wa sokoni walikuwepo madalali wakubwa ambao hawakuitwa kwa jina hilo. Baada ya Marekani kufunga mkataba wa biashara na Sultani Sayyid Said mwaka 1833, uliopanga ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingizwa, wafanyabiashara wa mji wa Salem nchini humo walileta vitambaa vya pamba, ambavyo ndivyo vilivyoitwa merikani, na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi, yaani utomvu mkavu wa miti uliotumika kutengenezea vanishi. Ushuru wa forodha ulikuwa umekodishwa kwa kampuni ya Jairam Shivji, Mhindi aliyemlipa Sultani kiasi maalumu kwa mwaka na kujikusanyia kilichozidi, na mtu mwenye forodha alijua nani ameleta nini kabla mzigo haujagusa nchi kavu. Richard Waters, aliyefika mwaka 1837 akiwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani na papo hapo akiwa mfanyabiashara, alielewa upesi kwamba kumzunguka Jairam ni kujisumbua, akafanya naye mapatano yaliyowakera Wamarekani wenzake waliobaki nje. Enzi za wafanyabiashara wa Kihindi ziliacha katika Kiswahili methali isemayo kuwa Banyani mbaya, kiatu chake dawa, na ndani ya maneno hayo machache umo uhusiano mzima wa umma na mtu wa kati: hutukanwa, na huendewa.

Serikali za kikoloni zilimshughulikia dalali kwa njia mbili zilizopingana. Kwa upande mmoja zilimpa leseni. Sheria ya minada ya Tanganyika ya mwaka 1928 iliagiza kuwa ardhi isiuzwe kwa mnada kabla ya kupita siku 14 za tangazo kwa umma, tena tangazo hilo liwe kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza, na litolewe pia kwa njia ambayo mtu asiyejua kusoma ataielewa. Sharti hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana, maana katikati ya lugha ngumu ya kisheria uliwekwa tena mwito wa kale wa sokoni. Kwa upande mwingine, serikali hizohizo zilitaka kumwondoa mtu wa kati katika mazao. Mwaka 1934 jumuiya ya wakulima wa karafuu ya Zanzibar iliundwa upya kwa sheria, na mwaka 1937 ikapewa mamlaka ya pekee ya ununuzi. Wafanyabiashara wa Kihindi waligoma, India nayo ikasusia karafuu, na serikali ikalazimika kupatana nao mwaka 1938. Bara mambo yalikwenda kwa utaratibu zaidi kwa sababu wakulima wenyewe ndio walioanza: Kilimanjaro chama kikuu cha ushirika cha kahawa kilisajiliwa mwaka 1933, na katika nchi ya pamba ya Usukuma, ambako manung'uniko yalikuwa juu ya mizani ya wanunuzi, vyama vilivyoongozwa na Paul Bomani viliungana mwaka 1955 na kuwa miongoni mwa ushirika mkubwa kabisa barani Afrika.

Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa Tanzania, liliongeza msamiati. Mtu wa kati hakuwa tena mjanja tu, bali mnyonyaji, kupe, na bidhaa zilipoadimika akawa mlanguzi, yaani anayenunua kwa bei ya serikali na kuuza kwa bei ya kuruka. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na kazi yao ikapewa mamlaka za mazao, ambazo zilinunua kwa bei iliyopangwa mbali na shamba na mara nyingi zililipa kwa kuchelewa, hata ikawa dalali aliyefukuzwa mlangoni amerudi dirishani akiwa na muhuri na gari la umma. Kampeni dhidi ya wahujumu uchumi iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine mwaka 1983 iliwakamata wengi na kuwatisha wengine, lakini haikuleta sabuni dukani, na tangu mwaka uliofuata milango ya biashara ilianza kufunguliwa.

Dalali anayechukiwa zaidi leo, dalali wa nyumba, ni mtoto wa historia hiyohiyo. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, hivyo sehemu kubwa ya nyumba nzuri za mijini ikawa ya kuombwa ofisini. Mji ulipopanuka kwa nyumba za watu binafsi, nyingi zikiwa katika mitaa isiyopimwa na isiyo na namba, hapakuwa na daftari lolote la kuonyesha chumba kipi ki wazi na mwenye nyumba ni nani, na pengo hilo likajazwa na kijana wa kijiweni anayeujua mtaa mlango kwa mlango. Malipo yake ya kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, na mpangaji huitoa juu ya kodi ya miezi kadhaa, au hata ya mwaka, anayodaiwa kwa mkupuo. Kwa hesabu hiyo dalali hufaidika nyumba inapopata mpangaji mpya, si mpangaji anapokaa muda mrefu, na bei ikipanda naye hupanda nayo. Lawama kwamba anapandisha kodi zina ukweli, ingawa ni mwenye nyumba anayekubali kupandishiwa, na yeye hakuna anayemtukana.

Kariakoo kumezuka ndugu yake mdogo aitwaye winga, jina lililochukuliwa kwa mchezaji wa pembeni mwa uwanja, ambaye humdaka mteja barabarani, humshika mkono, humwita bosi, humwongoza hadi katika duka lisilo lake na kumtajia bei iliyokwisha kutiwa cha juu, yaani nyongeza ambayo mwenye duka na winga wanaijua na mteja haijui. Zanzibar, vijana wanaowaganda watalii huitwa papasi, jina la mdudu anyonyaye damu ya aliyelala, na Kenya mkulima wa viazi au maembe huwalaumu mabroka kwa ghadhabu ileile. Kinyume chake, dalali wa mahakama, anayebeba makochi ya mdaiwa huku majirani wakitazama, huogopwa kuliko wote, lakini mara chache huitwa tapeli, kwa kuwa amri anayoitekeleza imeandikwa na inasomeka.

Matokeo ya mnong'ono yameandikwa kwenye kuta za Dar es Salaam kwa rangi nyekundu na herufi kubwa, mara nyingi na mtu asiye na kalamu nzuri: NYUMBA HII HAIUZWI. Maandishi hayo huwekwa na wenye nyumba waliowahi kufikiwa na wanunuzi wasiowafahamu, wakiwa na mkataba mkononi na wakiwa tayari wamelipa, au na wale walioona hayo yakimpata jirani. Wamekuwa wanadi wa aina mpya, wakitangaza mchana na usiku, kwa kila mpita njia, mali ambayo haipo sokoni.