Makbeth na Macho Mekundu

Kitabu cha Makbeth nilikikuta Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, miaka ya sabini. Kilikuwa tafsiri ya mchezo wa Shakespeare iliyofanywa na S. S. Mushi na kutolewa mwaka 1968. Sisi wanachuo tulikuwa tumezoea Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere, nami nilishangaa kidogo kwamba Mwalimu, aliyesoma Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, alitafsiri habari za Roma na Venisi, akamwachia mtu mwingine habari za Uskoti alikoishi. Hilo nalitaja pembeni tu. Nilitaka kusema kwamba kwa miaka mingi Uskoti niliyoijua mimi ilikuwa ndani ya kitabu hicho: ukungu, ngome, na wachawi watatu.

Nilipopangiwa kufundisha sekondari moja ya Bariadi, ambayo wakati huo ilikuwa Mkoa wa Shinyanga (Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012), nilikwenda nacho. Nakala ilikuwa hiyo moja, kwa hiyo nikawa nawasomea kidato cha tatu kwa sauti. Walikipenda mno. Mfalme anauawa usiku na mwenyeji wake, mke ndiye anayemchochea mumewe, na mzimu wa aliyeuawa unakuja kuketi karamuni. Kijana wa Usukumani hahitaji kueleweshwa mambo hayo kwa maelezo marefu.

Mwaka 1991 tukaamua kuuigiza siku ya wazazi. Nikawachagua wavulana watatu wawe wachawi, nikawaagiza wapake udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta kuzunguka macho, ili hata mzazi asiyejua kusoma atambue mara moja kwamba hawa ndio wachawi. Nilijiona mwalimu hodari.

Msomaji mgeni wa nchi yetu huenda asione uzito wa jambo hili. Sehemu nyingi za huku miti ni michache. Akina mama wamepikia miti ya pamba iliyokaushwa na mavi makavu ya ng'ombe, ndani ya nyumba isiyo na dirisha la maana, na mwanamke aliyekaa kwenye moshi huo miaka hamsini macho yake huwa mekundu. Wekundu huo ndio uliofanywa ushahidi wa uchawi. Kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, na walio wengi walikuwa wanawake. Mwaka 1976 Serikali iliwasaka wauaji kwa operesheni kali, hata baadhi ya watuhumiwa wakafia kizuizini, na Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu kwa ajili ya vifo hivyo. Hata hivyo mauaji ya vikongwe hayakukoma. Haya yote niliyajua. Niliyajua, na bado nikaagiza udongo mwekundu.

Mmoja wa wale watatu alikataa kupaka. Nilidhani ni ukaidi. Jioni akaja nyumbani, akasimama mlangoni asitake kuketi.

"Mwalimu, shikamoo. Nimekuja kuomba radhi. Bibi yangu alikuwa na macho hayo. Ndiyo yaliyomponza."

Akanieleza kwa maneno machache. Mtoto alifariki katika ukoo, mtu mmoja akaenda kupiga ramli, akarudi na jina. Wiki chache baadaye watu wa kukodiwa walikuja usiku na mapanga. Nilimwambia, "Pole, mwanangu." Sikuwa na neno jingine. Kabla hajaondoka akaniuliza swali ambalo chuo hakikunipa jibu lake: "Lakini wale wa kitabuni, Mwalimu, wamemuua nani?"

Usiku ule nilikisoma upya kitabu kwa taa ya chemli. Wale watatu hawamuui mtu yeyote katika mchezo mzima. Wanatabiri tu. Mara ya kwanza Makbeth anakutana nao njiani, lakini mara ya pili anawafuata mwenyewe, kama watu wanavyokwenda kwa mganga gizani. Akitoka huko, anatuma wauaji nyumbani kwa Macduff, wakamwue mke na watoto. Asubuhi niliwaambia darasa nilichokiona, na binti mmoja akasema, "Basi hao si wachawi, ni wapiga ramli. Mwuaji ni yule aliyekwenda kuuliza." Mchezo ukachezwa bila udongo.

Mwaka uliofuata shule ilipata kasha la vitabu vya msaada. Vingi havikutufaa, lakini kimoja kilikuwa historia ya Uskoti, kimechanika jalada. Hapo ndipo nilipojua kwamba Macbeth alikuwa mtu kweli. Alitawala miaka 17, kuanzia 1040 hadi 1057. Duncan hakuwa mzee wala hakuuawa kitandani. Alikuwa bado kijana, akafa vitani karibu na Elgin. Mwaka 1050 Macbeth alihiji Roma akagawa fedha kwa maskini, na mfalme anayeogopa kupinduliwa haachi nchi yake kwa safari ndefu namna hiyo. Aliuawa Lumphanan. Wachawi waliongezwa baadaye: kwa Andrew Wyntoun, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 15, ni wanawake watatu walioonekana ndotoni tu.

Aliyewapenda wachawi ni mfalme wa baadaye, James wa Sita. Meli zake zilipopigwa na dhoruba alipokuwa akimleta mkewe kutoka Denmark mwaka 1590, watu wa upande wa North Berwick walishtakiwa kwamba waliiita dhoruba ile. Mmoja wao alikuwa Agnes Sampson, mkunga na mganga wa mitishamba. Mfalme alimhoji mwenyewe, na Januari 1591 mama huyo alinyongwa na kuchomwa moto Edinburgh, mji uleule aliosoma Mwalimu. Mwaka 1597 James akaandika kitabu juu ya mashetani, na mwaka 1603 akawa mfalme wa Uingereza pia. Shakespeare alipouandika mchezo wake, yapata mwaka 1606, alikuwa anamwandikia mtu huyo.

Sheria ya Uskoti ya kuwaua wachawi ilidumu kuanzia 1563 hadi 1736. Karibu watu 4,000 walishtakiwa, na zaidi ya wanne katika kila watano walikuwa wanawake. Machi 2022, nikiwa nimestaafu ukuu wa shule, nilisikia kwamba Waziri Kiongozi wa Uskoti, Nicola Sturgeon, amewaomba radhi wote walioshtakiwa kwa sheria ile. Nilitamani darasa langu lingekuwa mbele yangu siku hiyo.

Lakini mwaka 1992 nilikuwa na kitabu kile kilichochanika tu. Niliwasomea habari ya Janet Horne wa Dornoch, kikongwe aliyechomwa mwaka 1727, wa mwisho kuuawa hivyo Uskoti, kwa kuwa mikono na miguu ya binti yake ilikuwa na kilema na majirani walisema mama amemgeuza farasi. Nikawaambia pia kwamba mwaka 1736, sheria ilipofutwa, ndio mwaka aliozaliwa huko James Watt, aliyeiboresha injini ya mvuke. Nilitaka waone kwamba nchi inaweza kubadilika.

Yule kijana, sasa wa kidato cha nne, hakujali habari za injini. Alikuwa ameandika pembeni mwa daftari lake 1736, chini yake 1727, akapiga mstari.

"Miaka tisa, Mwalimu," alisema. "Ilibaki miaka tisa tu."