Kabla na Baada

Mbunifu wa mandhari alifika kwa bibi, Morogoro, Jumamosi moja asubuhi, na tepu ya kupimia, daftari na tableti. Aliyemlipa ni mjomba. Mimi nilikuwa likizo, nikaambiwa nimtembeze uwanjani. Kazi yake aliijua. Alipima kutoka ukutani hadi mpakani, akaangalia maji ya mvua yanaelekea wapi, akauliza jua la jioni linapiga upande gani, akachimbua udongo kidogo na kuusugua viganjani. Wiki mbili baadaye akarudi na picha. Kushoto mwa kioo paliandikwa "kabla", kulia "baada", na katikati kulikuwa na mstari wa kuvuta kwa kidole. Ukiuvuta, uwanja wa bibi unageuka: ukoka wa kijani, pevingi hadi barazani, michikichi ya mapambo imejipanga kama askari, na ukuta wenye geti pale palipokuwa na michongoma.

Niliuvuta mstari ule huku na huku, kama mtoto. Ilinichukua muda kuona kwamba njia imepotea. Kuna njia ya miguu inayokatiza uwanja wa bibi, kutoka nyumba za nyuma hadi barabarani. Hakuna aliyeipanga. Wanafunzi hupita hapo alfajiri, wauza mboga hupita, na wenye ndoo hupita maji yanapokatika upande wao. Kwenye "kabla" ilikuwepo. Kwenye "baada" kulikuwa na ua la waridi.

Ninasoma shahada ya uzamili ya historia, na mchezo ule wa mstari nilikuwa nimeshaukuta, ila wa karatasi.

Mwaka 1788 Mwingereza mmoja aitwaye Humphry Repton, mwenye miaka 36, biashara ya nguo ikiwa imemshinda huko Norwich, aliamua kujiita mtunza mandhari kwa taaluma. Lancelot Brown, bingwa wa kazi hiyo, alikuwa amefariki miaka mitano nyuma, na nafasi ilikuwa wazi. Brown alikuwa mkandarasi: alichukua kazi nzima, akachimba maziwa, akahamisha vilima, akapata faida. Repton aliuza ushauri na michoro tu. Jane Austen alimtaja kwa jina katika riwaya ya Mansfield Park ya mwaka 1814, na bei yake pia: gini 5 kwa siku.

Kwa kuwa alichouza ni mchoro, mchoro ulipaswa kushawishi wenyewe. Kwa hiyo aliwatengenezea wateja vitabu vilivyojalidiwa kwa ngozi nyekundu. Ndani yake mliandikwa hali ya mahali, nyumba inahitaji nini, barabara iingilie wapi, na mlikuwa na picha za rangi za maji zenye kipande cha karatasi kilichobandikwa upande mmoja. Kikilala, unaona shamba lako lilivyo. Kikifunuliwa, unaona litakavyokuwa. Mwenyewe alisema amefanya kazi zaidi ya mia nne, lakini mipango yake mingi haikutekelezwa au ilitekelezwa nusunusu. Nadhani wengine walitosheka na kufunua karatasi.

Si kwamba alikuwa laghai. Brown alipenda nyasi zifike hadi ukutani. Repton alirudisha karibu na nyumba vitanda vya maua, baraza na njia kavu za kutembea, kwa hoja kwamba watu wanaishi humo. Hilo mbunifu wetu naye alilijua: barazani alimwekea bibi kivuli kizuri.

Mchoro wa Repton ninaourudia zaidi ni wa nyumbani kwake mwenyewe, kijumba kidogo Hare Street, Essex, uliotoka katika kitabu chake cha mwaka 1816. Kwenye "kabla" unaona uzio wake, barabara, duka la nyama lenye nyama iliyotundikwa, na mwombaji mlemavu karibu na uzio. Funua. Uzio umesogezwa mbele, kipande cha uwanja wa kijiji kimekuwa bustani yake, maua yameziba duka la nyama. Mwombaji hayupo. Repton anaeleza bila haya kwamba alichohitaji ni yadi 25 tu, kama mita 23. Ni miaka ambayo Bunge la Uingereza lilikuwa likipitisha sheria moja baada ya nyingine za kufunga ardhi iliyotumiwa na wanakijiji kwa pamoja. Yadi 25 hazikumshtua mtu.

Kuna jambo linalonizuia kumhukumu haraka. Januari 1811 gari la farasi alilopanda na binti zake lilipinduka, akaumia uti wa mgongo, na tangu hapo alihitaji kiti cha magurudumu. Katika kitabu hichohicho anapendekeza matuta ya stroberi yaliyoinuliwa ili mtu achume bila kuinama. Yaani mwili wake ulipomwambia bustani inahitaji nini, aliusikia vizuri sana. Mwili wa mwombaji aliuona, akauchora, kisha akaufunika. Alifariki mwaka 1818.

Nikamwonyesha bibi ile tableti. Alitazama "baada" kidogo tu, akarudi kwenye "kabla".

"Hii alipiga lini?"

"Siku ile aliyokuja kupima, bibi."

"Sasa mbona hakungoja nifagie?"

Nilicheka, lakini alikuwa na haki. Picha ilipigwa saa saba mchana, majani ya mwembe yamezagaa, kanga kwenye kamba, jua limefuta kila kivuli. Anayechora "baada" ndiye pia anayechagua "kabla".

Nilimpigia mbunifu. Hakukasirika. Alisema aliiona ile njia akadhani ni nyasi zilizokufa. Hakuna aliyemwambia, na mimi niliyekuwa naye siku nzima ni mmoja wa hao wasiomwambia. Alichora upya. Njia ipo, upana wa mita 1.2, haina pevingi, na waridi zimehamia chini ya dirisha. Mjomba hajaukubali. Anasema usalama, anasema siku hizi watu si wale, anauliza geti litakuwa na maana gani kama pembeni yake kuna uchochoro. Bibi ana miaka 78 na usiku yuko peke yake, kwa hiyo sina jibu la haraka la kumpa.

Mchoro wa pili uko kwenye simu yangu. Jana asubuhi bibi alifagia kama kawaida, na alipofika kwenye njia aliifuata na ufagio hadi kwa jirani, kisha akarudi kuchota maji.