Fuller, Solomon Carter

FULLER, Solomon Carter (1872–1953), tabibu wa maradhi ya akili na mchunguzi wa ubongo, mzaliwa wa Monrovia, Liberia, ambaye takriban kazi yake yote aliifanyia Massachusetts, Marekani. Babu yake alikuwa mtumwa huko Virginia, akajikomboa kwa mali yake mwenyewe na kuhamia Liberia. Mjukuu naye akaivuka bahari ileile mwaka 1889 kwenda kutafuta elimu, na alipohitimu utabibu katika Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1897 akaingia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Westborough, akichunguza maiti ili kutambua ni madhara gani yaliyoufika ubongo wa marehemu.

Mwaka 1904 alikwenda Munich, Ujerumani, ambako tabibu Alois Alzheimer alimteua kuwa miongoni mwa wasaidizi wa maabara yake. Wala hilo halikuwa jambo hafifu kwa Mwafrika, katika zama ambazo Wajerumani hao hao walikuwa wakiitawala nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Huko alizidi kuimudu sanaa ya kuukata ubongo vipande vyembamba, kuvitia rangi na kuvitazama kwa hadubini, na aliporejea Westborough akaitumia kuwachunguza wazee waliokufa hali wamepotewa na kumbukumbu.

Mwaka 1907 alitoa utafiti juu ya nyuzi zilizomo ndani ya seli za neva. Mwaka 1911, juu ya mabaka madogo yaonekanayo katika bongo za wazee. Na mwaka 1912, wakati maradhi yaliyopewa jina la Alzheimer yangali mageni hata kwa matabibu, alieleza kisa cha mgonjwa wake na kukusanya visa vyote vilivyokwisha kuchapishwa, ikawa ndiyo mapitio ya kwanza yaliyo kamili kwa Kiingereza. Thamani ya kazi hiyo, kwa rai yetu, imo zaidi katika tahadhari yake: ilhali wengine walikuwa wepesi wa kukata shauri, Fuller hakukubali kwamba mabaka au nyuzi zilizosokotana ni alama mahususi ya maradhi hayo, na rai iliyoenea kwamba chanzo ni kukakamaa kwa mishipa ya damu aliitilia shaka. Suala la mabaka lingali likijadiliwa na wataalamu.

Mwaka 1909 alimwoa Meta Vaux Warrick, mchongaji sanamu mashuhuri, wakakaa Framingham. Alifundisha Chuo Kikuu cha Boston hata mwaka 1933, alipojiuzulu baada ya Mzungu aliyekuwa chini yake kupandishwa daraja ya profesa kamili na kupewa ukuu wa idara ambayo Fuller alikuwa akiiongoza kwa miaka bila ya cheo. Kisukari kikampofusha, naye akaendelea kuwatibu wagonjwa. Kituo cha afya ya akili mjini Boston kina jina lake.