Jedwali Linaloitwa Rufiji

Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 217,274 katika Wilaya ya Rufiji. Mtafiti akiipanga idadi hiyo sambamba na ya wilaya hiyohiyo katika sensa ya 2022, atapata anguko la kutisha, na pengine ataanza kutafuta sababu zake: mafuriko, njaa, vijana kukimbilia Dar es Salaam. Sababu iko karibu zaidi. Kati ya sensa hizo mbili Kibiti ilimegwa kutoka Rufiji ikawa wilaya kamili, na kata za delta ya Mto Rufiji kama Salale, Maparoni, Mbuchi, Kiongoroni na Msala zikaenda nayo. Hesabu zote ni sahihi. Kilichokosewa ni kichwa cha jedwali.

Kosa la namna hii halimo katika miongozo ya uandishi inayosisitiza ukubwa wa herufi, nafasi kati ya mistari na mtindo wa marejeo. Ndiyo maana watafiti wengi huiona kazi ya kupanga makala ya mkutano kuwa ni usafi wa usiku wa mwisho, ikibidi akabidhiwe msaidizi. Hoja inayotetewa hapa ni kinyume chake: kichwa cha jedwali, maelezo chini ya ramani na uteuzi wa kielelezo ni sehemu ya ushahidi wenyewe. Delta ya Rufiji inalidhihirisha jambo hilo kuliko maeneo mengi.

Chukua ikisiri. Mikutano mingi huruhusu maneno 250 au 300. Jumuiya ya WIOMSA, yenye makao yake Zanzibar, huandaa makongamano ya sayansi ya bahari; lile la 2017 lilifanyika Dar es Salaam. Katika ukumbi kama ule, sentensi ya kuwaambia wasikilizaji kwamba delta ina msitu mkubwa wa mikoko ni hasara tupu, maana wote wanajua. Wasichokijua ni mahali vipimo vilipochukuliwa. Upande wa kaskazini hupokea maji baridi mengi zaidi, na huko ndiko wakulima walikofyeka mikoko wakalima mpunga. Kusini chumvi imetawala. Vipimo vya mkondo mmoja wa kaskazini vikipewa jina la “delta ya Rufiji”, kichwa cha makala kimeshasema jambo ambalo data haikusema.

Mfano mzito zaidi umo ardhini, karibu na mji wa Kibiti. Mwaka 1999 mwanaakiolojia Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha katika jarida la Current Anthropology taarifa ya kurasa chache kuhusu shanga za kioo zilizochimbuliwa Mkukutu. Alizihusisha na biashara ya enzi za Warumi, na hivyo na Rhapta, bandari inayotajwa katika kitabu cha kale cha Periplus ya Bahari ya Eritrea lakini ambayo mahali pake hasa bado panabishaniwa. Dai kubwa, kitu kidogo. Ushanga ni mwepesi: hurithiwa, huuzwa upya, na panya anaweza kuuteremsha hadi tabaka lisilo lake. Picha yake, hata ikivutia vipi, haithibitishi mengi. Kinachobeba dai ni mchoro wa tabaka, kina cha kila kifaa, vyungu vilivyolala pamoja nacho, na tarehe ya kaboni yenye namba ya maabara, kiwango cha mashaka na maelezo ya jinsi ilivyorekebishwa. Tarehe za “BP” huhesabiwa kurudi nyuma kuanzia 1950. Asiyesema kama zimerekebishwa anaweza kumpoteza msomaji kwa karne nzima. Kwa hiyo ukomo wa kurasa ukibana, iondolewe picha ya ushanga, mchoro wa tabaka ubaki. Waandishi wengi hufanya kinyume. Picha hupigiwa makofi.

Kuna wakati kiolezo kigumu humsaidia mwandishi hata asipotaka. Mfumo wa ufuatiliaji wa afya na idadi ya watu wa Rufiji, ulioanza 1998 na uliosimamiwa na Taasisi ya Afya Ifakara, ulielezwa mwaka 2015 katika International Journal of Epidemiology kwa vichwa vilevile vilivyotumika kwa mifumo ya namna hiyo ya Kilifi, Kenya, na Navrongo, Ghana. Vichwa hivyo vinauliza kwa nini mfumo ulianzishwa, unamhesabu nani, na udhaifu wake ni upi. Swali la mwisho halikwepeki, na msomaji anaweza kulinganisha bila kukisia.

Hata hivyo usahihi una mipaka. Mikoko ya delta ni hifadhi ya serikali, na kuikata bila kibali ni kosa. Makala inayoorodhesha wakataji miti waliohojiwa kwa umri, jinsia na kitongoji inaweza kufuta majina yote na bado ikamtaja mtu, kwa sababu mwanamke wa miaka 60 anayeuza boriti katika kitongoji cha kaya chache anafahamika na kila jirani yake, na ofisa misitu pia. Hapa mwandishi aunganishe vitongoji, aandike makundi ya umri badala ya miaka, na aeleze katika sehemu ya mbinu kwamba amefanya hivyo kwa makusudi. Mhakiki akidai jedwali kamili, ajibiwe kwa barua, jedwali libaki lilivyo.