Uwiano: kutoka mfupa wa Ishango hadi shamba la mama mdogo

Leo niko naandika juu ya neno moja tunalolitumia kila siku bila kulifikiria: proporsio. Kiswahili cha vitabu kinasema uwiano. Sokoni kwetu watu wanasema tu "kipimo" ao "kwa kadiri yake". Majina ni tofauti, kazi ni moja.

Kilichonisukuma kuandika ni aibu. Mwaka niliotoka chuo kikuu na lisansi yangu ya agronomia, mama yangu mdogo aliniita kwa shamba lake la maharagi, meta 10 kwa 20. Alikuwa amepokea zamu yake ya likelemba, akanunua nusu mfuko wa mbolea 17-17-17. Kitabu kilisema kilo 100 kwa hekta. Nikapiga hesabu haraka haraka, nikapata kilo 20. Nikaanza kutia.

Mama mdogo akaangalia, akasema: "Mwanangu, iyi haiko mingi? Siye tunatiaka sawa chumvi ya mboga, vidole tatu kwa shimo." Nikamujibu kwamba mambo ya sayansi hayapimwi na vidole.

Maharagi yaliyoota yalikuwa machache, na hayo nayo yakaungua. Usiku nikarudilia hesabu. Hekta ni meta kareni 10,000, mie niliandika 1,000. Shamba la meta kareni 200 lilihitaji kilo 2 tu. Sifuri moja ilikula mbegu, mbolea na musimu wa mutu.

Tangu siku ile nilianza kutafuta historia ya hii kitu. Na historia yenyewe ina ukurasa hapa kwetu. Mwaka 1950, mjeolojia Mubelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa mdogo kule Ishango, Kivu ya Kaskazini, pale mto Semliki unatoka kwa ziwa Edward. Unakadiriwa kuwa na miaka karibu 20,000, na leo unatunzwa Bruxelles. Juu yake kuna mikwaruzo iliyopangwa kwa safu tatu. Katika safu moja unakuta 3 karibu na 6, 4 karibu na 8, kisha 10 karibu na 5. De Heinzelin aliona pale hesabu ya kuzidisha na kugawanya kwa mbili. Wengine walisema ni kalenda ya mwezi. Ubishi haujaisha, lakini kama de Heinzelin alikuwa na haki, basi mutu wa Ishango alishajua kwamba namba mbili zinaweza kuwa na udugu.

Misri, karibu mwaka 1550 mbele ya Kristo, mwandishi Ahmes alinakili mafunjo ya hesabu. Moja inauliza: mikate 100 igawiwe watu 10, lakini watatu kati yao, kama vile musimamizi na mulinzi wa mulango, wapate mara mbili. Jibu linaanza na kugawa mikate sehemu 13: saba za watu saba, sita za wale watatu. Hapa uwiano uko swali la mushahara na cheo: nani anastahili ngapi?

Wahindi nao waliandika ile kanuni ya tatu tuliyofundishwa shule ya musingi. Iko kwa kitabu cha Aryabhata, mwaka 499. Ukijua vitu vitatu, unapata cha ine. Ni hiyohiyo niliyoharibu kwa shamba.

Neno lenyewe pia linafundisha. Wagiriki walisema analogia. Cicero, Muroma, akalitafsiri proportio, kutoka maneno yanayomaanisha "kufuatana na sehemu yake". Kiswahili kilifuata njia ingine. Kuwia mutu ni kumudai. Kuwiana ni kudaiana, kulingana. Kwa hiyo ndani ya uwiano muko deni: mbolea inadaiwa na udongo, chumvi inadaiwa na mboga. Ukizidisha ao ukipunguza, mumoja anabaki na deni.

Sasa sikilizeni mwisho wa aibu yangu. Musimu uliofuata nilikopa mizani ya muuza dawa, nikaomba mama mdogo achote mbolea na vidole vyake tatu, mara kumi. Jumla ilikuwa gramu 10 hivi. Gramu moja kwa shimo. Yeye anapanda kwa sentimeta 50 na 20, maana yake mashimo 2,000 kwa shamba lake. Fanyeni kanuni ya tatu wenyewe: kilo 2. Vidole vyake vilikuwa na jibu la kitabu. Mie njo nilikuwa nimesoma kitabu vibaya.

Sisemi tuache mizani. Vidole vya mwengine vinaweza kuwa vikubwa, na mbolea ingine ina nguvu ingine. Nasema tu kwamba mbele ya kumwaga mufuko, hesabu ya kwenye karatasi na mukono wa mutu anayelima vinapaswa kukutana. Vikibishana, simama kwanza, hesabu tena.

Mbegu ya mama mdogo nilishalipa. Neno nililomujibu siku ile ndilo bado ninadaiwa.

Na kwenu, wazazi wanapimaka na nini?