Nazi ya Ushelisheli juu ya kabati la mfalme

Kabla ya kuwapo kwa makavazi ya umma, matajiri wa Ulaya walihifadhi vitu vya ajabu katika makabati yaliyonakshiwa. Mojawapo ya mashuhuri zaidi lilitengenezwa mjini Augsburg, Ujerumani, kati ya 1625 na 1631, chini ya usimamizi wa mfanyabiashara Philipp Hainhofer.

Mnamo 1632 viongozi wa mji huo walimtunuku Mfalme Gustav II Adolf wa Uswidi kabati hilo. Aliuawa vitani mwaka uo huo. Tangu 1694, kabati ni mali ya Chuo Kikuu cha Uppsala.

Mbao zake nyeusi zimepambwa kwa vito na kwa picha zilizochorwa juu ya mawe, mabaka ya jiwe yakigeuzwa mawingu na mawimbi. Ndani mna droo nyingi, baadhi zikiwa za siri.

Hata hivyo, fumbo kubwa zaidi limewekwa wazi kileleni: nazi kubwa ya Ushelisheli. Enzi hizo nazi hizo ziliokotwa baharini na katika fuo za Maldivi, na wengi waliamini kwamba mti wake humea chini ya bahari. Chimbuko lake, kisiwa cha Praslin, lilibainika mnamo 1768.